Tela kuukuu la jeshi: mapenzi yaendane na hesabu

WAKATI wafanyabiashara wa vyuma chakavu wakizidi kupita mlango kwa mlango mjini Moshi na katika vihamba vya mlimani, liko swali ambalo wenye mali za zamani hawana budi kujiuliza kabla ya kukubali kupimiwa kilo. Je, kila chuma kilichoota kutu uani ni takataka? Swali hilo linawahusu hasa wale wenye matela ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya majeshi, ambayo leo mengine yamegeuzwa kuwa viota vya kuku.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, kufufua magari na matela ya kijeshi ya zamani ni burudani kubwa. Nchini Marekani wapenzi wa kazi hiyo wana chama chao tangu mwaka 1976. Wapo wanaotumia miaka kadhaa kutafuta nati moja ya asili, ili tela dogo lililokuwa likivutwa na Jeep katika Vita Kuu ya Pili lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Kwao faida ni furaha ya kazi ya mikono na heshima ya kutunza historia.

Moshi nayo ina historia hiyo. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na miaka mitano baadaye, Machi 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yaliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani na kupigana nao tena Kahe. Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo mjini mpaka leo. Hivyo mtu wa Moshi anayependa vifaa vya zamani vya jeshi hapaswi kuchekwa. Hata hivyo, mkulima wa kihamba si mstaafu wa Ulaya. Shilingi anayoiweka katika tela ni ile ile iliyokuwa inunue mbolea au kulipa ada ya shule. Kwa mantiki hiyo, burudani hii kwake ina maana iwapo tela litafanya kazi.

Historia ya kilimo cha Tanzania ina somo chungu juu ya jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu, zilinunuliwa mashine zilizobaki vitani, na hata vifaru vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Mashine hizo zilikuwa na nguvu, lakini nyingi zilikuwa zimechoka, vipuri vilikuwa shida na mafundi hawakutosha. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizopandwa zilikuwa zipatazo 7,500 tu. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na fedha zilizopotea zilizidi pauni milioni 35.

Mradi ule ulikuwa na matatizo mengine pia, yakiwamo ya mvua na udongo mgumu. Lakini kwa upande wa mashine, kosa lilikuwa kununua chuma kwa kutazama ubavu wake bila kuuliza nani atakitengeneza na kwa vipuri gani. Kosa hilo linaweza kurudiwa na mtu mmoja uani kwake, kwa tela moja.

Kwa bahati nzuri, tela ni rahisi kuliko trekta. Halina injini wala giaboksi. Zaidi ya hayo, yako matela ya jeshi la Uingereza, yajulikanayo kama Sankey, ya uwezo wa robo tatu ya tani, ambayo yalitengenezwa kuvutwa na Land Rover na kutumia matairi ya aina moja nayo, yaani 7.50-16. Katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, ambako Land Rover imekuwa gari la shamba na la watalii kwa miongo mingi, mafundi na vipuri vyake havitafutwi kwa tochi. Mwenye tela la namna hiyo ana pa kuanzia. Mwenye tela la Kimarekani la miaka ya 1940, ambalo beringi zake hazifanani na za gari lolote la hapa, afikirie kulifunga ekseli nyingine, hata kama wapenda historia watanuna.

Kazi yenyewe iende kwa mpangilio. Kwanza ni chesisi. Igongwe kwa nyundo ndogo sehemu zote, hasa kwenye maungio na chini ya sakafu ambako maji hutuama. Panapotoa mlio mzito au kubonyea, chuma kimeliwa na kikatwe, kisipakwe rangi juu ya kutu. Pili, ekseli, springi na beringi: zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa grisi mpya. Tatu, umeme. Matela mengi ya jeshi yalifungwa mfumo wa volti 24, wakati magari mengi madogo ya kiraia hutumia volti 12. Balbu zisipobadilishwa, taa za nyuma zitakuwa hafifu, na gari linalofuata usiku halitaona kitu. Rangi ije mwisho kabisa, lakini wengi huanza nayo.

Jambo la nne ndilo la uhai na kifo, nalo ni breki. Mji wa Moshi uko mita zisizofika 1,000 kutoka usawa wa bahari, wakati lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Anayeshuka na ndizi kutoka juu huko anateremka karibu mita 1,000 kabla ya kufika sokoni. Tela lisilo na breki kwenye mteremko huo hulisukuma gari kwa nyuma, na kwenye kona yenye matope ya masika linaweza kulipindua. Katika matela mengi ya zamani breki hukamata pale tela linapoisukuma gari, kupitia fimbo na nyaya zinazofika magurudumuni. Likikaa miaka uani, fimbo hizo hushikana kwa kutu na breki inabaki jina tu. Zifunguliwe zote na kujaribiwa kwenye mteremko mdogo, tela likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Mnyororo wa usalama nao usisahaulike, na mzigo upangwe ili sehemu kama moja ya kumi ya uzito ielemee mbele, kwa sababu tela lililoelemewa nyuma huyumba.

Baada ya ufundi, daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba tela limenunuliwa kwa shilingi 900,000 na matengenezo yakala 1,600,000. Hizo ni shilingi milioni 2.5. Tela la kilo 750 hubeba mikungu 30 ya ndizi, iwapo mkungu mmoja una kilo 25. Kama kila safari inamwokolea mwenye gari shilingi 25,000 za kukodi usafiri baada ya kutoa mafuta, atahitaji safari 100 kurudisha fedha yake. Kwa safari mbili kwa wiki ni karibu mwaka mmoja. Huyo afufue tela lake. Lakini yule mwenye safari moja kwa mwezi atasubiri zaidi ya miaka minane, na kwake ni heri kukodi. Kila mmoja aweke namba zake mwenyewe kabla ya kumwita fundi.

Zipo pia karatasi. Tela linalopita barabarani linatakiwa kusajiliwa. Anayenunua kitu kilichowahi kuwa mali ya jeshi adai uthibitisho wa mnada au wa muuzaji halali, kwa kuwa bei rahisi bila karatasi huweza kuishia polisi. Rangi na alama za kijeshi nazo ziepukwe. Ikumbukwe kwamba Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Agizo hilo lilihusu mavazi, lakini mwenye busara hahitaji kuambiwa mara mbili. Kijani cha migomba kinapendeza vile vile.

Wako watakaosema huu ni mchezo wa wenye fedha wanaopanda mlimani kila Desemba na kuondoka Januari. Hoja hiyo ina ukweli, lakini dawa yake ipo. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda KNCU mwaka 1933 kwa sababu kila mmoja peke yake hakuweza kuuza kahawa yake kwa bei nzuri. Wakulima watano wa kitongoji kimoja wanaweza kuchangia tela moja, na safari ambazo hazikutosha kwa mmoja zikatosha kwa watano. Vijana waliojifunza uchomeleaji katika vyuo vya VETA na karakana za mjini nao wakapata kazi, huku mpenda historia akipata furaha yake.

Muuza chakavu akibisha hodi, basi, asijibiwe kwa pupa. Chesisi ikaguliwe, breki zifunguliwe na daftari lipigiwe hesabu. Likifaulu yote matatu, tela lirudi barabarani. Likishindwa, auziwe siku hiyo hiyo, na fedha ziende shambani.