Maswali ya Kuulizwa Kabla ya Muhula wa Mazingira

Elimu ya mazingira, yaani elimu inayochunguza jinsi udongo, maji, hewa, mimea na wanadamu wanavyotegemeana, ina shule kubwa ndani ya mji wa Lubumbashi wenyewe. Tangu mwaka 1911, tanuri za kuyeyushia shaba zilizoanzishwa na kampuni ya Union Minière, na baadaye kurithiwa na kampuni ya serikali, Gécamines, zilitoa moshi wa salfa na vumbi la madini ambavyo upepo wa kiangazi ulivipeleka kaskazini-magharibi, hata ardhi ya Penga Penga, iliyo upande huo, ikajaa shaba na kadimi, miti ikafa, na mvua ikachukua udongo usio na mizizi ya kuushika. Kwa hiyo kijana wa shahada ya kwanza anayetaka kutoa muhula mzima kwa masomo haya anastahili kutiwa moyo. Ila hana budi kuuliza kwanza, kwa kuwa muhula ukishapotea haurudi, na ada ya wazazi vilevile.

Swali la kwanza ni la krediti, yaani kipimo cha kazi ya mwanafunzi. Katika mfumo wa LMD (Licence-Maîtrise-Doctorat) unaofuatwa sasa nchini Kongo, muhula mmoja una krediti 30, na shahada ya kwanza hukamilika kwa krediti 180 katika miaka mitatu. Mwanafunzi atakayesoma muhula mahali pengine bila kitivo chake kukubali kwa maandishi kwamba krediti hizo zitahesabiwa, huenda akarudi na maarifa mengi na bado akadaiwa muhula uleule. Barua hiyo itafutwe kabla ya kulipa minervali, yaani ada ya masomo, wala isingojewe baada ya mitihani.

Swali la pili ni la mahali na majira. Mvua za Haut-Katanga, jimbo lenye mji wa Lubumbashi, hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi hushika miezi inayobaki. Basi anayetaka kupima vumbi la barabara za migodi atalikuta kwa wingi mwezi wa Agosti, ilhali anayetaka kuona jinsi mvua inavyosomba udongo mpaka mtoni atafika Januari. Programu isiyoweza kusema ni siku ngapi wanafunzi watakuwa nje ya darasa, na watafanya nini huko, bado haijapangwa. Huko Penga Penga, kwa mfano, wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda nyasi za Microchloa, ambazo huvumilia shaba, katika udongo uliochanganywa na chokaa na mboji. Chokaa hupunguza ukali wa udongo ili shaba isiingie kwa urahisi katika mizizi, na nyasi hushika udongo usipeperuke. Mwanafunzi aliyeinama juu ya kitalu cha namna hiyo, akalinganisha sehemu iliyotiwa chokaa na ile isiyotiwa, huelewa jambo ambalo kitabu peke yake humwachia nusu.

Swali la tatu ni la usalama na gharama. Ni nani atakayelipia usafiri, viatu vigumu, glavu na vipimo vya maabara? Je, iko bima, na iko zahanati karibu? Udongo wenye madini haupaswi kushikwa kisha mtu akala bila kunawa, na mashimo ya wachimbaji wadogo hayapaswi kuingiwa hata kwa dakika moja, kwa kuwa huporomoka.

Swali la nne husahauliwa, nalo ni la heshima: wenyeji watapewa nini? Mama anayelima mboga kando ya mto Lubumbashi, akichukuliwa udongo na maji ya kisima chake kwa uchunguzi, ana haki ya kuombwa ruhusa na kuelezwa matokeo kwa Kiswahili anachokielewa, kwa maana yeye na watoto wake ndio wanaokula mboga hizo.

Wazazi na wawaache vijana wao waulize, nao wakuu wa vyuo wajibu kwa maandishi. Chuo kinachoyajibu maswali haya manne waziwazi kinastahili kukabidhiwa mtoto. Kinachoyakwepa kiachwe, hata kama tangazo lake linavutia. Mji ulioishi chini ya moshi wa shaba kwa miaka mingi hivyo unahitaji wataalamu wake wenyewe, na mtaalamu huanza kujengwa siku anapokataa kutia saini jambo asilolielewa.