Kuitupa Nyumba Si Kulitupa Deni

Katika mabaraza ya Waswahili walioko Marekani, kuanzia Kentucky na Iowa hata Texas, husikika nasaha inayotolewa kwa nia njema na inayowaangamiza wanaoifuata: kwamba mtu aliyekopa ili anunue nyumba ya trela, kisha akalemewa na malipo ya kila mwezi, akapiga hesabu akajiona anadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba yenyewe, hana haja ya kujitesa; afungashe vyombo vyake, aache funguo mezani, ahamie kwingine, na mwenye mali aje achukue mali yake. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba rehani ikishachukuliwa hesabu imekwisha, na ndiyo maana maneno hayo huingia akilini kwa wepesi. Lakini sheria ya Marekani haikubaliani nayo, na anayeondoka usiku kwa kudhani ameliacha deni nyuma yake atalikuta limemtangulia huko aendako, tena limenenepa.

Nyumba hizi hujengwa kiwandani, zikakokotwa kwa lori hadi kiwanjani, na watu zaidi ya milioni 20 wanaishi ndani yake. Tangu tarehe 15 Juni 1976 zimekuwa zikijengwa kwa kanuni moja ya serikali kuu, nazo ni nyumba kamili, zenye vyumba, jiko na hamamu, ambazo zikishawekwa mahali aghalabu hazihami tena, kwa kuwa kuihamisha moja hugharimu maelfu ya dola. Pamoja na hayo, katika majimbo mengi nyumba hiyo hupewa hati ya umiliki mfano wa kadi ya gari, na pale ardhi inapokuwa ya mtu mwingine, mkopo wake huandikwa kuwa mkopo wa mali inayohamishika, wala si rehani ya nyumba na ardhi yake. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kukopa kwa kuweka logbook ya gari atauelewa mkopo huu upesi: riba yake ni kubwa, muda wake ni mfupi, na kinga alizowekewa mdeni ni chache kuliko zile za mwenye nyumba ya matofali mtaa wa pili.

Na tufanye hesabu, kwa maana humo ndimo uchungu wote ulimo. Chukulia mtu amekopa dola 60,000 kwa riba ya asilimia 11, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi atatoa dola 619 na senti kidogo, mbali na kodi ya kiwanja ambayo ni ya mwenye ardhi na haipunguzi deni hata kwa senti moja. Akilipa miaka 5 bila kukosa mwezi, atakuwa ametoa dola 37,000 na ushei, naye siku akiuliza kilichobaki ataambiwa anadaiwa kiasi cha dola 54,500. Yaani katika fedha zote zile alizozichuma kwa kukesha kiwandani na kusimama kutwa ghalani, ni kama dola 5,500 tu zilizogusa deni lenyewe, na nyingine zote zimeliwa na riba. Nyumba nayo, ikiwa imeketi juu ya ardhi ya kupanga, katika muda huo aghalabu hushuka thamani. Simlaumu hata kidogo mtu ambaye, baada ya kuziona hesabu hizi, moyo wake unakata tamaa.

Ila akishaondoka, jambo la kwanza alipotezalo ni ngao yake kuu, nayo ni kule kuwamo kwake ndani. Sheria za biashara za majimbo humruhusu mwia kuichukua mali aliyowekewa dhamana bila kwenda mahakamani, kwa sharti kwamba asivunje amani. Na kwa kuwa ni vigumu kuitwaa nyumba yenye watu ndani pasipo kuvunja amani, mkopeshaji hulazimika kwa kawaida kumshitaki mwenye nyumba na kungoja amri ya hakimu, na katika kungoja huko mdeni hupata muhula wa kuzungumza, kutafuta wakili, au kutafuta mnunuzi. Nyumba tupu haina wa kuitetea. Tena nyumba tupu huharibika: majira ya baridi yanapoingia, maji hugandia mabombani yakayapasua, na siku barafu inapoyeyuka sakafu hulowa yote, wezi huja kung'oa nyaya za shaba, bima, ambayo aghalabu huweka mipaka kwa nyumba isiyokaliwa, humkatalia fidia, na mkopeshaji hukata bima nyingine kwa bei yake mwenyewe akaiongeza juu ya deni. Mwenye kiwanja naye haachi kuhesabu kodi yake kwa sababu taa zimezimwa.

Kisha huja barua, nami ningependa kila Mswahili wa Marekani aijue sura yake, kwa kuwa wengi huipokea wakaiweka kabatini bila kuifungua. Barua hiyo, ambayo sheria inamlazimisha mwia kuituma kabla hajauza, hueleza kama nyumba itauzwa kwa mnada wa hadhara au kwa mapatano ya faragha, hutaja nambari ya simu ya kuuliza kiasi cha kuikomboa, na ndani yake mna sentensi moja inayosema iwapo mdeni atawajibika kwa upungufu wowote utakaobaki baada ya mauzo. Sentensi hiyo ndiyo yenye sumu. Tuseme nyumba ya mtu wetu imeuzwa dola 25,000, kwani nyumba iliyochukuliwa kwa nguvu haiuzwi kwa bei ya furaha, na gharama za kuikamata, kuitengeneza na kuiuza zimefika dola 6,000. Katika ile 54,500 toa 25,000, ongeza 6,000, na mtu aliyedhani ameliacha deni mezani pamoja na funguo anadaiwa dola 35,500 kwa nyumba ambayo sasa analala ndani yake mtu mwingine.

Mwia anaweza kwenda mahakamani kudai upungufu huo. Mdeni asipofika, labda kwa kuwa wito ulipelekwa anwani ya zamani, hukumu hutoka bila yeye kusikilizwa. Na hukumu ya namna hiyo katika majimbo mengi hudumu miaka 10 au zaidi, ikizaa riba, na huweza kuhuishwa. Hafungwi mtu jela Marekani kwa deni la raia kwa raia, na hilo nalisema waziwazi kwa kuwa wapo wanaotishwa kwalo na wakusanya madeni wasio na haya. Lakini mshahara hukatwa. Sheria ya serikali kuu inaruhusu kukatwa hadi asilimia 25 ya kile kinachobaki baada ya makato ya lazima, au kile kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, chochote kati ya hivyo viwili kilicho kidogo; hivyo anayebakiwa na dola 700 kwa wiki huweza kuondokewa na 175 kabla hajaziona. Texas, Pennsylvania, North Carolina na South Carolina kwa kawaida hazikubali mshahara ukatwe kwa madeni ya aina hii, na hiyo ni nafuu ya haki, ingawa Texas fedha ikishaingia benki huweza kushikwa humo humo.

Na mkopeshaji akiamua kusamehe? Hapa ndipo wengi hushituka. Deni lililosamehewa likifika dola 600 au zaidi, mkopeshaji aghalabu hutoa fomu 1099-C, nakala moja kwa mdeni na nyingine kwa mamlaka ya mapato, na kiasi kilichosamehewa huhesabiwa kana kwamba ni pato alilolipokea mwaka ule. Kwa anayetozwa asilimia 12, zile dola 35,500 zinamletea kodi inayozidi dola 4,000 kwa fedha ambazo hakuzishika mkononi. Upo mlango wa kutokea: ambaye, siku deni liliposamehewa, madeni yake yote yalizidi mali yake yote, huweza kulithibitisha hilo kwa fomu 982 akaondolewa kodi hiyo kwa kiasi cha ule umuflisi wake. Sharti aijaze. Nani atamwambia, naye aliondoka bila kuacha anwani?

Habari ya rekodi ya mikopo naipitia upesi, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi: kutwaliwa kwa nyumba hukaa humo miaka 7, na kuisalimisha kwa hiari hakulifuti doa hilo, wala mwenye nyumba ya kupanga anayeiangalia rekodi kabla ya kumpa mtu ufunguo hatofautishi sana baina ya hayo mawili. Linaloniuma zaidi ni la mdhamini. Kwetu mtu humtilia ndugu yake saini kwa mapenzi, bila kuuliza. Shangazi mwenye kazi ya kudumu humwekea saini mpwa aliyefika juzi. Mbele ya sheria shangazi huyo ni mdeni kamili, na mpwa akitoweka kwenda jimbo jingine, hata akirejea Mombasa au Bukavu, mshahara wa kukatwa upo palepale na anwani ya kupelekewa wito inajulikana.

Wapo watakaoniuliza kama namtetea mwia. Sivyo. Historia ya biashara hii imejaa wakopeshaji waliotoa mikopo wakijua haitalipika. Mwaka 1998 viwanda vilipeleka sokoni trela takribani 373,000, kwa sababu fedha zilikuwa zikigawiwa ovyo. Mikopo ikaanza kuvunjika, nyumba zilizotwaliwa zikajaa sokoni zikishusha bei hata za wale waliokuwa wakilipa kwa uaminifu, na Conseco, iliyoinunua Green Tree, mkopeshaji mkubwa wa trela, mwaka ule ule wa 1998, ikafilisika Desemba 2002. Mwaka 2003 idadi ya trela zilizopelekwa sokoni ilikuwa imeporomoka hadi karibu 131,000. Kampuni iliyofilisika ilipewa himaya ya mahakama ijipange upya. Mfanyakazi aliyeacha funguo mezani hakuna aliyemwita ajipange upya.

Dhuluma ya asili, kwa rai yangu, imo katika ile hati ya mfano wa kadi ya gari. Makao ya familia ni makao, yawe yamejengwa kiwandani au kiwanjani, na sheria inayoyahesabu kuwa chombo cha kukokotwa ndiyo inayoruhusu riba ile na ile haraka ya kuuza. Wala si lazima iwe hivyo. Jimbo la New Hampshire huzihesabu nyumba hizi kuwa mali isiyohamishika, na tangu mwaka 1984 wakaazi wa viwanja vya trela huko wamekuwa wakiungana katika ushirika na kukinunua kiwanja chenyewe, ili kodi ya ardhi isipandishwe na mtu wasiyemjua. Ndugu zetu ambao wamekwisha kuwa raia na wanapiga kura Iowa na Kentucky wana haki ya kuwauliza wajumbe wao kwa nini majimbo yao hayafanyi hivyo.

Hadi hayo yatakapokuja, asiyeweza kulipa na aondoke, lakini aondoke kwa kuzungumza. Ampigie mkopeshaji kabla ya mwezi wa kwanza kumshinda, aombe malipo yapunguzwe au muda urefushwe. Likishindikana, aombe ruhusa ya kuiuza nyumba mwenyewe ingali na watu, joto na mapazia madirishani: ikienda kwa dola 38,000 upungufu unakuwa 16,500, chini ya nusu ya ule wa mnada. Na ikiwa hapana budi kuisalimisha, asitoe ufunguo mpaka apewe karatasi iliyotiwa saini inayosema kwamba upungufu hautadaiwa kwake wala kwa mdhamini wake, kwani ahadi ya mdomo ya karani wa simu haina uzito mbele ya hakimu. Wapo washauri wa nyumba walioidhinishwa na wizara ya makazi ya Marekani, na wapo mawakili wa msaada wa sheria, ambao humsaidia mtu wa kipato kidogo kuiandika karatasi hiyo bila malipo. Na asiyejua Kiingereza ana haki ya kuuliza kama yupo mkalimani wa Kiswahili kabla hajatia saini yake popote.