Marereni: Kuhesabiwa na Kufikiwa

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen huvuka daraja la mto Sabaki, akapita Mambrui na Gongoni, kisha akafika Marereni, mji mdogo wa Magarini katika Kaunti ya Kilifi. Wenyeji wake walio wengi ni Wagiriama. Nchi hiyo ni kavu na jua lake ni kali. Mkulima wa mahindi hulilalamikia jua hilo, lakini mwenye kutengeneza chumvi hulishukuru. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo huyakausha, na chumvi ibakiayo hukwanguliwa, ikatiwa katika magunia na kupakiwa katika malori.

Chumvi ni mzigo mzito wenye bei ndogo; kwa hiyo faida yake hutegemea barabara. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, lori lililokwenda Mombasa lilikuwa halina budi kungoja kivuko. Siku hizi magari hayangoji tena, na mabasi ya Mombasa na Lamu hupita Marereni. Palipo na magari pana duka, na palipo na duka watu hujenga. Lakini mabwawa ya chumvi nayo yalihitaji ardhi. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara huko Magarini, ikasikiliza malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi, maji na hali ya wafanya kazi.

Tena watu wanaongezeka upesi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,109,735. Mwaka 2019 walikuwa 1,453,787. Yaani katika muda wa miaka kumi waliongezeka zaidi ya 344,000. Kati yao watu 191,610 walihesabiwa katika kaunti ndogo ya Magarini. Hesabu hiyo si pambo la kitabu. Fedha za Serikali hugawanywa kwa kaunti kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, idadi ya watu. Na huwezi kupanga shule wala zahanati bila ya kujua ni watu wangapi watakaozitumia.

Hata hivyo, hesabu ya watu haisemi mtu anakaa umbali gani na barabara. Aliyejenga kando ya lami na aliyejenga mbali upande wa Adu huandikwa kila mmoja kuwa mtu mmoja. Lakini yule wa kwanza hupunga mkono, gari likasimama. Huyu wa pili hutembea, au hulipa bodaboda, na mvua ikinyesha njia huwa matope. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku hapimi safari kwa maili, bali kwa saa.

Wala lami yenyewe si salama siku zote. Mnamo Novemba 2023 mafuriko yaliliharibu daraja la Mbogolo katika barabara hiyo hiyo, na magari ya Malindi, Tana River na Lamu yakakwama. Daraja moja likivunjika, mji wa kando ya barabara huwa sawa na kijiji cha porini.

Basi yafaa wenyeji wasitosheke na kuhesabiwa tu. Katiba ya mwaka 2010 yaagiza raia washirikishwe katika mipango ya fedha za kaunti. Mzee wa kijiji aendaye katika mkutano huo na achukue karatasi iliyoandikwa vizuri: nyumba ngapi ziko mbali na barabara, ni siku ngapi katika masika njia ilifungwa, wagonjwa wangapi walichukuliwa kwa machela. Karani wa kijiji aweza kuiandika kwa jioni moja. Malalamiko matupu husahauliwa mkutano ukiisha, bali hesabu iliyoandikwa hubaki mezani na hudai jibu.