Baada ya Saa Tisa na Nusu

Wazee husema, "Udongo uwahi ungali maji." Maneno hayo yawafaa sana wazazi na walimu wa Ekalakala, upande wa Masinga katika Machakos. Kila siku ya shule ina saa moja na robo ya udongo laini, nayo mara nyingi hupotea bure.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliagiza kwamba masomo ya darasani katika shule za kutwa yakome saa tisa na nusu. Tangu hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na vyama vya wanafunzi. Ni dakika 75 kwa siku, yaani saa sita na robo kwa juma. Hapana mkulima apewaye shamba la kadiri hiyo akaliachia magugu.

Lakini mwalimu wa hesabu huuona wakati huo kuwa wa hesabu. Skauti huutaka uwanja siku ile ile timu ya mpira iutakayo. Mama naye amngoja binti yake achote maji kabla jua halijatua. Kila mmoja ana haki yake, na mtoto ni yule yule mmoja. Basi vyama hufa, si kwa kukosa watu wapendao watoto, bali kwa kukosa mtu wa kuwapatanisha.

Chama cha 4K chatupa mfano na onyo. Jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, nacho kilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa kufuata 4-H ya Marekani. Kilisitawi, kisha kikafifia, hata Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya mwezi wa Juni 2021. Chama kinachomtegemea mwalimu mmoja huondoka naye siku anapohamishwa.

Yafaa basi kila shule iwe na mwalimu mmoja mwenye kushika ratiba ya vyama vyote, na mwingine wa kumsaidia anayeijua kazi hiyo. Kila chama kipewe siku yake, na ratiba ibandikwe mahali ambapo wazazi wataisoma. Tena saa ya kufunga iheshimiwe, ili mtoto wa mbali afike nyumbani kungali mchana.

Zaidi ya hayo, kazi ya vyama ifuate mvua. Katika Ukambani mvua ya vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo itegemewayo zaidi. Lakini shule hufungwa mvua ingali yanyesha, na bustani ya shule hubaki yatima. Dawa yake ni mtoto kujifunza shuleni jinsi ya kupima na kuchimba tuta la fanya juu, kisha apewe kipande kidogo nyumbani apande kunde au ndengu. Hapo mama hatasema chama kimemnyang'anya mtoto, kwa kuwa ataona faida yake katika chungu.

Wakamba walijenga matuta mengi ya Machakos kwa mwethya, mtu na jirani yake, kila mmoja akijua zamu yake. Kazi ya kuwalea vijana haina njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo.