MPANGAJI SI MTUMWA

Twauliza: mpangaji wa chumba kimoja Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, ana kosa gani? Adaiwa kodi ya miezi sita, hata ya mwaka, kabla hajaingiza kitanda. Paa likivuja huambiwa avumilie. Akilalamika huambiwa ahame.

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilikuwa ngao ya mnyonge. Mwaka 2005 Bunge likaifuta, wala halikuweka kikomo kingine cha kodi. Tangu hapo bei ya chumba huamuliwa na mwenye funguo.

Lakini wenye nyumba wasijidanganye! Sheria ya Ardhi ya 1999 ingali hai. Mkataba usiposema vingine, mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu. Na apangishaye vyumba tu, matengenezo ya paa, kuta za nje na mifereji ni juu yake. Alipaye kwa mwezi hafukuzwi bila ya notisi isiyopungua mwezi.

Ndugu wapangaji! Daini stakabadhi, someni mkataba kabla ya kuutia saini. Nasi twalidai Bunge: rudisheni ngao mliyoivunja!