MELI YA ANASA, BASI LA MBEYA NA VITUNGUU VYA MAMA

Nimepotea kidogo, mnisamehe, mitihani ilibana. Leo sina habari za boom wala za foleni ya kantini. Leo nina hasira.

Ilianza juzi chumbani. Mshkaji mmoja hapa hosteli alikuwa anatuonyesha picha kwenye simu: meli ya kitalii kama ghorofa lililolala, ndani mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa muziki, chakula asubuhi mpaka usiku. Inatoka Marekani, inasimama Cozumel, inasimama Costa Maya huko Meksiko, wiki ikiisha inarudi. Chumba kizima kikawa "aaah, maisha hayo!" Jamaa akaona amepata jukwaa, akamwaga sera: eti meli kama hizo zikijaa Dar, Zanzibar na Kilwa, umaskini wa pwani kwishney. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanuna.

Wadau, mimi ni mtoto wa Ruaha Mbuyuni. Mnapajua, ni pale kwenye joto na mibuyu, kabla basi halijaanza kupanda Kitonga. Kama kuna watu wanaojua maana ya "tunasimama kidogo", ni sisi.

Basi la Mbeya linaingia. Konda anapiga kelele: "Dakika kumi, msiachwe!" Abiria wanakimbilia kuchimba dawa na chipsi. Wanakula wapi? Pale dereva alipoamua kusimama, na dereva na konda wake wanakula bure. Sisi wa vitunguu tunabaki dirishani, tumenyanyua mafungu juu ya vichwa. Abiria anavuta bei mpaka injini inawaka, maana anajua ukikataa utabaki na mzigo wako. Nimeshakimbia na basi nikidai chenji yangu, jamani. Siku nyingine unaipata, siku nyingine unakula vumbi.

Sasa niambieni, meli ina tofauti gani? Abiria ameshalipia kitanda na chakula kabla hajapanda. Matembezi ya nchi kavu anauziwa humo humo melini, na kampuni inakata chake kwanza. Anashuka asubuhi, jioni kapanda. Kampuni nyingine hazitaki hata huo usumbufu: huko Haiti, Royal Caribbean ilianza miaka ya 1980 kukodi kipande cha pwani kinachoitwa Labadee, kikazungushiwa uzio. Huyo dereva hakuchagua hoteli tu, amejijengea ya kwake!

Halafu ratiba. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Kwa abiria ni jambo jema, sipingi. Ila kwetu ina maana basi linaweza kupita saa nane za usiku watu wamelala fofofo, na mama auze vitunguu na tochi mdomoni. Hakuna aliyekuja kumuuliza. Na mwaka 2020 korona ilipoingia, meli za kitalii zilisimama dunia nzima, Cozumel ikabaki inatazama bahari. Anayeishi kwa kusimamiwa haamui lini atakula.

Najua mtanijibu: "Bila mabasi, ungesomaje wewe?" Kweli kabisa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye madirisha hayo. Ndiyo maana sisemi meli zisije. Mwaka 2024 Norwegian Dawn, meli ya watu zaidi ya 2,000, ilipita Mombasa na Zanzibar, na muuza viungo aliyepata chochote siku ile, hongera zake. Ninachopinga ni kuita dakika kumi MAENDELEO.

Meksiko wenyewe wameshaonja. Miaka mingi abiria wa meli hawakulipa ada ya kuingia nchini, kwa hoja kwamba wanalala melini, ni wapita njia tu. Desemba 2024 bunge lao likapitisha dola 42 kwa kila abiria. Kampuni za meli zikaja juu. Mazungumzo, mazungumzo, mwisho ikaanza dola 5 Julai 2025, ipande polepole hadi 21 mwaka 2028. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 120, ambayo meli zinaihitaji, imeshushwa bei dirishani kama mama yangu! Sasa Kilwa itasimama na nani?

Kwa hiyo kabla hatujajenga magati na kupiga ngoma za mapokezi, masharti yawekwe kwanza. Kila kichwa kinachoshuka kilipiwe, na sehemu ya hela ibaki pale pale kiliposhuka, siyo yote ipande juu. Waongozaji wawe wenyeji, walipwe na mgeni moja kwa moja. Meli ikae mpaka kesho yake ikiwezekana. Na hela ya matangazo ielekezwe zaidi kwa mgeni anayelala, kwa sababu mgeni anayelala anakula chai, anafuliwa nguo, anapanda bodaboda, anaulizia vitunguu vinalimwaje.

Likizo iliyopita nilimuuliza mama: ungechagua mabasi mia yanayopita au lori moja linalokuja shambani na kupima mzigo kwa mizani? Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Mwanangu, lori huwa linazima injini."

Nawasilisha. Mwenye hoja anipinge, ila asije na picha za mabwawa ya kuogelea.