Biharusi mwenye pikipiki



Dukani kwetu wiki hii cherehani zimesimama mara nyingi kwa mjadala mmoja. Mteja wetu wa Mpanda, mkoani Katavi, anaolewa huku kwetu Unguja. Nguo zake za harusi tunashona sisi. Sasa upande wa bwana harusi umeleta ujumbe: kabla ya nikaha, pikipiki iuzwe. Sababu wanayoitoa ni stara. Wanasema mwanamke wa Kiislamu haendi peke yake na pikipiki milimani huko, seuze mke wa mtu.

Sisi tunasema wasiharakishe.

Kwanza wajue ile pikipiki inafanya kazi gani. Mwenzetu huyu anauza madera, mitandio na nguo za ndani. Mpanda mjini wauzaji wamejaa, kwa hiyo mzigo wake anaupeleka kata ya Litapunga, katika Halmashauri ya Nsimbo, nchi ya vilima na misitu ya miombo. Siku yake moja alituhadithia kwa ujumbe wa sauti, kipande kwa kipande, na sisi tulisikiliza huku tunapiga pasi.

Husali Alfajiri, akafunga furushi nyuma kwa mipira, akabonyeza tairi kuona upepo, akaondoka kabla jua halijakaza. Kiangazi ni vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Masika ni tope, na akiona mvua inajikusanya harudi nyuma wala haendi mbele, anasimama penye nyumba za watu. Kwenye mteremko wa kokoto anashuka na gia ndogo, breki anaigusa kidogo kidogo. Anasema mlima haumtishi kama mbung'o wanavyomtisha.

Hapo tulipata somo sisi watu wa vitambaa. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa lifikirieni buibui letu jeusi linapita kwenye miombo! Yeye zamani kahamia rangi ya mchanga.

Akifika, anaingia uani kwa mwanamke mmoja na wengine wanakusanyika. Mlango unafungwa. Wanajaribu nguo, wanapimana, wanacheka, wanauliza saizi za mambo ambayo hawawezi kumuuliza mwanamme aliyebeba mitumba begani. Wengine wanalipa nusu, nusu ikifika mavuno, anaandika daftarini. Adhuhuri inamkuta hapohapo, anapewa maji ya udhu na mkeka, halafu ugali. Kabla ya Magharibi yuko Mpanda.

Basi wifi zetu watuambie: mkiiuza ile pikipiki, wale wanawake watapimwa kifua na nani? Mnaitaja stara ya mmoja, na stara ya uani pote pale inabebwa na tairi zile mbili.

Kuhusu dini, hatukukaa kutoa fatwa. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke kutosafiri mwendo wa mchana na usiku bila ya maharimu, na tunajua pia kwamba wanazuoni tangu zamani wamezungumza juu ya amani ya njia na aina ya safari, hawakusema neno moja. Huyu anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Aulizwe sheikh aliyesoma. Wifi hajasoma fiqhi, kasoma magrupu.

Na asiambiwe mtu kwamba kusitirika na pikipiki havikai pamoja duniani. Pakistani, mwaka 2015, msichana wa miaka 20 anayeitwa Zenith Irfan alitoka Lahore akapanda milima ya kaskazini mpaka njia ya Khunjerab, mpakani na China, juu ya pikipiki. Babake alifariki yeye akiwa mdogo, na safari ya pikipiki ilikuwa ndoto ya babake huyo. Mwaka 2018 maisha yake yalitengenezewa filamu. Mwaka huohuo Saudi Arabia iliwaruhusu wanawake kuendesha gari, na pikipiki pia.

Tunaloliogopa sisi ni jengine, na hili hatukusikia mtu wa posa akilitaja: cheni. Buibui pana, ushungi mrefu au ncha ya mtandio ikiingia kwenye cheni au spoki, inavuta shingo au inamwangusha mtu barabarani. Hata mnaopakiwa bodaboda mkikaa upande, pindo linaning'inia palepale kwenye gurudumu. Tunawaona kila siku hapa Darajani na roho zinatupanda.

Kwa hiyo tumekata nguo. Juu ni koti refu la kufika chini ya goti, pana, mpasuo pande mbili ulioshonewa kitambaa ndani ili usifunue kitu. Ndani yake suruali pana yenye mpira kwenye kifundo cha mguu. Mikono imebanwa kwa vifungo. Ushungi ni wa kuvaa kichwani moja kwa moja, mfupi mpaka kifuani, ncha zote zinaingia ndani ya koti, na kitambaa ni chepesi ili helmeti ikae sawasawa. Msiweke pini chini ya helmeti, mkianguka itaingia kichwani. Nida nzuri kwa shughuli lakini barabarani inapepea mno, chukueni pamba nzito.

Na nyinyi mabiharusi mnaofanya biashara, yasemeni haya siku ya posa, mbele ya walii wenu, pesa ya mahari haijahesabiwa. Semeni mnakwenda wapi, siku ngapi kwa wiki, mnarudi saa ngapi, na mapato ni ya nani. Masharti gani yanafunga kwenye ndoa na yapi hayafungi, kadhi yupo, muulizeni kabla. Bwana asiyetaka ana haki ya kusema hataki, na asikie pia hesabu ya mwezi ambayo nyumba itaikosa. Huyu wetu hesabu yake inasomesha wadogo zake wawili, na mpaka leo tunapoandika, upande wa bwana harusi haujauliza.